Pumzi ya Pili ya Tlou

Katika milima yetu yote, kuanzia mtoni mpaka kule theluji inakolala hadi Septemba, hakuna mwanamke anayejua injini ya dizeli kama mimi. Waulize. Kuendesha sijawahi, ila siku moja tu, marehemu mume wangu aliponiweka kwenye usukani nikaangusha choo cha kasisi, na kasisi alikuwa ndani. Lakini kujua, najua.

Marehemu aliniachia mwana mmoja na gari moja. Mwana ni Seabata, ndiyo maana mimi naitwa M'e Maseabata, maana m'e kwetu ni mama, kama ntate alivyo baba. Gari ni lile refu la milimani, linalovuta kwa magurudumu yote manne, jeupe pale ambapo bado lina rangi. Tulimwita Tlou, yaani tembo. Kwenye kiti cha dereva mpaka leo kuna shimo la umbo la mume wangu, na Motlalepula, mpwa wangu aliyerithi kazi ya udereva, hulijaza kwa blanketi ili aone mbele.

Tlou alikuwa na kasoro moja, nayo si yake, ni ya Mungu aliyeweka kijiji chetu juu mno na hewa chini mno. Huku hewa ni nyembamba kama uji wa bibi mchoyo. Mgeni akija huhema akifunga kamba za viatu. Injini nayo huhema. Ukipanda barabara ya Letsoku, inayojikunja ukutani mwa mlima kama utumbo wa kondoo, Tlou alikuwa akianza vizuri, halafu anakohoa, halafu anatema moshi mweusi kama chungu kilichopinduliwa. Akifika kwenye kona moja kali karibu na kileleni, ndio mwisho. Motlalepula anagonga kioo, abiria wanashuka, wanatembea kando ya gari wakiwa na vifurushi vyao, na Tlou anatambaa mbele yao kama anayewaongoza mazishini. Kona yenyewe tukaibatiza Shukeni. Siku moja punda wa mahindi alitupita pale. Mwenye punda akavua kofia, akatupa pole.

Habari hizo zilimfikia Seabata kule kwenye miji mikubwa ya Gauteng anakofanya kazi, maana ubaya hauhitaji gari. Akanipigia simu. Kule Gauteng wamemfundisha kusalimia kama mtu anayelipia kila neno.

"Mama, mzima?"

"Mimi ni m—"

"Sawa. Nasikia jirani yetu M'e Mamohau ameshushwa tena pale kwenye kona, na kifua chake kile."

"Hakushushwa. Alishuka."

"Mama."

"Alishuka baada ya kuambiwa ashuke."

Akashusha pumzi puani. Nikaijua pumzi ile. Baba yake alikuwa nayo.

"Pasaka nakuja," akasema. "Nitapanda Letsoku mwenyewe pamoja na abiria na mizigo yao. Akishuka hata mmoja, hata kuku, Tlou namuuza kwa yule mtu wa vyuma chakavu wa tambarare. Amkate vipande. Sitaki watu wafe kwa ajili ya gari la baba."

Kwetu mali ya marehemu ni ya mrithi. Mimi ni mama wa mrithi, cheo kikubwa kisicho na ufunguo. Nilikaa juu ya lile jiwe nilikopokea simu nikafikiri. Ningeweza kusema nililia kwa ajili ya wajawazito na wagonjwa wa kijiji, ambao hawana gari jingine la kuwateremsha hospitali. Niliwafikiria, ndiyo. Lakini kwanza nilijifikiria mimi. Tlou akipita, watu husema: lile gari la M'e Maseabata. Asipokuwepo, mimi ni ajuza mwenye kuku.

Basi nikamwambia Motlalepula atuteremshe mjini Mokhotlong, kwa fundi Rametse.

Ntate Rametse ni mtu wa kelele. Jino la mbele halipo, na kofia yake ya majani haivui hata akilala chini ya gari, ndiyo maana imepinda upande mmoja kama sikio la mbwa. Alimsikiliza Tlou akinguruma, akamwomba Motlalepula akanyage mafuta, akatazama moshi.

"M'e, injini yako haijazeeka," akasema. "Inanyimwa hewa. Dizeli inapata tele, hewa haipati, ndiyo maana inatema weusi. Ni sawa na kumlisha mtu ugali huku umembana pua."

"Basi mwachie pua."

"Pua yake iko wazi. Hewa ndiyo haipo. Inabidi isukumwe kwa nguvu. Anataka turbo."

Akaenda ndani akarudi na vitu viwili, akaviweka juu ya gunia la sufu. Kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Vyote vilikuwa na umbo moja: makonokono mawili ya chuma yaliyopeana migongo.

"Moshi ukitoka kwenye injini," akasema, "unaingia kwa konokono huyu. Ndani yake kuna gurudumu. Moshi unalizungusha. Gurudumu hilo limeungana kwa mhimili na gurudumu la konokono wa pili. Likizunguka hili, linazunguka na lile. Lile linavuta hewa safi, linaibana, linaisukuma ndani ya injini."

"Moshi gani?"

"Moshi wake mwenyewe."

"Ule anaoutupa?"

"Ule ule."

Nikatafuta pa kukaa, nikakaa juu ya tairi. Maisha yangu yote nimepigana na moshi. Nimeupepea, nimeutukana, umenitoa machozi juu ya vyungu vya watu wasioshukuru. Na kumbe kuna watu mahali fulani waliokaa wakautazama moshi uleule, wakasema: huyu ana nguvu, apewe kazi. Amrudishie pumzi yule aliyemfukuza.

"Linazunguka kwa kasi gani?" nikauliza.

"Kwa dakika moja? Linapita mara laki moja."

"Ntate Rametse, hata uongo una adabu yake."

"M'e, naapa kwa jino langu."

"Lipi? Lile lililokukimbia?"

Motlalepula hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameshalibeba lile kubwa kifuani kama mtoto mchanga. Lilitoka kwenye lori la kubeba mawe, aliambiwa, na macho yake yakang'aa.

"Shangazi, tuchukue hili. Tlou ni tembo. Utampa tembo pua ya panya?"

"Liweke chini," Rametse akamwambia. "Hilo linataka moshi mwingi ndipo liamke. Kwenye barabara ndefu ya tambarare, injini ikivuma, ni simba. Wewe pale Shukeni uko gia ya kwanza, injini inazunguka polepole, moshi ni wa kuhesabu. Hilo litakuwa bado linapiga miayo wakati abiria wako wanatafuta viatu."

"Na hili dogo?"

"Dogo linaamka mapema. Moshi kidogo tu, tayari linasukuma. Kasoro yake ni kwamba ukikimbia sana linabana, linakuwa kama kizibo."

Nikacheka. "Ntate, Tlou hajakimbia tangu azaliwe."

Nilielewa vizuri, kwa sababu nimeimba kwaya tangu sina matiti. Ntate Tsoene wetu wa sauti nzito ana kifua kama pipa, lakini mpaka ajiandae, ajikohoze, apange miguu, sisi tumeshafika amina. Na Mamohau, kabla kifua hakijamharibikia, alikuwa mwembamba kama ufito, lakini bibi harusi akichungulia tu mlangoni, kigelegele chake kimeshavuka mto. Kwenye kona kali unamtaka Mamohau.

Nikalichukua lile dogo. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na baridi. Nikalitazama ndani ya mdomo wake, nikaona gurudumu la mapezi membamba, yaliyopinda yote kwa pamoja kama majani ya mtama upepo ukipita. Hakuna mtu aliyenituma. Nikapuliza.

Likazunguka. Pumzi yangu ya kizee, iliyoshindwa hata na mshumaa wa kanisani, ikalizungusha bila sauti yoyote, na nilipoacha kupuliza liliendelea, likaendelea, kana kwamba limeambiwa jambo na linalifikiri. Nikapuliza tena. Rametse akavua kofia. Nilidhani anacheka, lakini alikuwa akilitazama pamoja nami.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "na mimi bado nalipuliza kila likinifikia."

Tukachukua dogo.

Kulifunga kulichukua muda, na mimi sikutoka pale. Nililala kwa dada yangu na kila asubuhi nilikuwa juu ya tairi langu na mkebe wa uji mchachu. Rametse aling'oa mkono wa chuma unaokusanya moshi kutoka kwenye silinda, akaweka mwingine wenye kitako cha kubebea turbo. Alitoboa njia ya oili kutoka ubavuni mwa injini, akaivuta kwa bomba jembamba mpaka mgongoni mwa konokono. Kisha akashusha bakuli la oili lililo chini ya injini, akalitoboa, akalichomelea bomba nene la kurudishia.

"Mbona la kuja jembamba na la kurudi nene?" nikauliza.

"Inakuja kwa kusukumwa, inarudi kwa kuanguka tu. Anayesukumwa hupita popote. Anayeanguka umwachie nafasi."

Nimelikumbuka neno hilo hata kanisani.

Akafunga mabomba ya mpira ya kupitishia hewa kwa klipu, akaongeza dizeli kidogo kwenye pampu, kidogo sana, huku Motlalepula akimsihi aongeze. "Ukitaka kuyeyusha injini, kayeyushe ya mama yako," Rametse akamjibu. Mwisho kabisa, kabla hajawasha, alimimina oili safi kwa mkono kwenye tundu la turbo, kijiko kwa kijiko, akalizungusha gurudumu kwa kidole.

"Anywe kwanza," akasema. "Asifanye kazi akiwa mkavu."

Tlou akaamka. Mwanzo nilisikia sauti yake ileile ya zamani. Motlalepula alipokanyaga, ikatokea nyingine juu yake, nyembamba, safi, kama mchungaji anayepiga mbinja upande wa pili wa ukungu. Moshi ukabaki mwepesi. Nywele za mikono yangu zikasimama, na msiniambie ilikuwa baridi.

"Sasa nisikilizeni," Rametse akasema, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. "Gurudumu hili linaelea juu ya utando wa oili. Anayeisukuma oili ni injini. Mkishapanda Letsoku, konokono wa moshi anakuwa mwekundu kwa moto. Mkizima palepale, oili inasimama, na gurudumu bado linakwenda. Oili iliyobaki ndani inaungua, inakuwa makaa. Mtaniletea maiti. Mwacheni angurume taratibu mpaka apoe."

"Tungoje kiasi gani?" Motlalepula akauliza.

"Una saa?"

"Ilianguka mtoni."

"Basi ukifika juu, salimia mtu. Lakini umsalimie Kisotho, si Kigauteng. Umuulize yeye, mkewe, watoto, ng'ombe, mvua, mpaka magoti ya bibi yake. Mkimaliza salamu, zima. Ukiwa kijijini tu, dukani na kanisani, pasipo mpando, zima utakavyo, hapo hajachoka."

Pasaka ikafika, na Seabata akafika nayo, amevaa viatu vyeupe. Tulikutana naye Mokhotlong Jumamosi asubuhi.

"Mama, mzima? Twende."

Nyuma palijaa: magunia ya unga, cherehani, beberu mmoja wa Ntate fulani aliyedai ni mpole, wanawake, watoto, M'e Mamohau na chupa yake ya dawa ya kifua, na Rametse mwenyewe, aliyekuja na mfuko wake wa spana na vipuri. Alisema anakuja kuona kazi ya mikono yake. Mimi nadhani alikuja kwa pombe yangu ya Pasaka. Mbele alikaa Motlalepula kwenye usukani, mimi katikati, Seabata dirishani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kuzika.

Tukaanza Letsoku. Kona ya kwanza, ya pili. Ile mbinja ikaanza, mwanzo kama mtu anayejaribu tu. Motlalepula akabadili gia, si kwa kuomba kama zamani, akabadili kama mtu anayefunga kifungo. Nikatazama kioo cha pembeni nione moshi mweusi. Niliona barabara. Sikumbuki lini niliiona barabara nyuma ya Tlou.

Tukapanda. Mto ukawa uzi. Mawingu yaliyokuwa juu yetu yakaja usawa wa dirisha, yakashuka, yakabaki chini kama sufu iliyokatwa na kuachwa zizini. Tlou alivuta. Kila nilipojiambia, sasa anakohoa, alivuta zaidi, na ile mbinja ilipanda nasi. Nilifikiri juu ya lile gurudumu dogo kuliko kiganja changu, mle gizani, likizunguka kwa moshi, limebeba magunia, cherehani, beberu, kifua cha Mamohau na jina langu. Moyo wangu ukawa mkubwa kuliko mahali pake. Seabata alikuwa ameacha kuangalia saa.

"Shukeni hiyo," Motlalepula akanong'ona.

Nyuma nikasikia rabsha. Nikageuka. Hao abiria! Wamezoea, wameshasimama wote, wamebeba vifurushi, mmoja ameshatoa mguu nje.

"Kaeni!" nikapiga kelele kupitia dirisha la nyuma. "Rudisha mguu huo ndani, wewe! Mwanangu atauza gari kwa ajili ya mguu wako!"

"M'e, tumefika Shukeni!"

"Leo hakuna kushuka! Shikilieni beberu!"

Tlou akaingia konani. Akainama, akakaza, mawe yakaruka chini ya magurudumu, mbinja ikawa kali mpaka ikaingia menoni. Nyuma walishikana mikono. Hata beberu alijibana kwenye gunia. Halafu pua ya gari ikashuka, mbingu ikatoka kwenye kioo, na mbele yetu uwanda wote wa juu ukafunguka, mweupe kwa baridi, hauna mwisho.

Hapo nikasikia kigelegele. Chembamba, kimepasuka katikati, kikaunganika tena, kikavuka bonde lote. Alikuwa Mamohau. Miaka mingi hatujakisikia. Alipomaliza alikohoa kama anayekata kuni, na alikuwa akicheka.

Seabata hakugeuka. "Mh," alisema tu. Lakini aliisema mh ile kwa heshima.

Ningependa kuishia hapo. Ila kulikuwa na Ntate Lepheana, aliyekufa wiki ile, na kwetu watu huzikwa Jumamosi. Hatukuwa tumeenda mbali kutoka kileleni tulipoona msafara wa mazishi ukikata barabara mbele yetu, jeneza mabegani, wanawake wamejifunga mablanketi, wimbo unatoka taratibu. Kwetu jeneza likipita, kila kitu husimama. Mwenye kofia huvua, mwenye farasi hushuka, mwenye gari huzima.

Motlalepula alisimama. Mkono wake ulibaki hewani, karibu na ufunguo. Alimkumbuka marehemu wa jenezani, akamkumbuka Rametse, hakujua ni yupi wa kumwogopa zaidi. Nyuma nikasikia Rametse akigonga kioo kwa kidole kimoja, tk, tk, tk, kwa adabu ya mazishi. Lakini wazee wa msafara walishaanza kututazama, kisha wakamtazama Seabata, mtoto wa Gauteng mwenye viatu vyeupe. Mwanangu akaona haya. Akapitisha mkono mbele yangu, akazungusha ufunguo.

Kimya. Na ndani ya kimya kile mimi nikaisikia: ile mbinja peke yake, bila injini, ikizunguka kavu, ikishuka, ikishuka, kama mtu aliyeachwa mlangoni. Ikakwaruza kidogo. Ikanyamaza. Halafu harufu ya oili iliyoungua.

Jeneza lilikuwa mbele yangu. Nilikaa mikono mapajani nikamwangalia Ntate Lepheana akipita polepole, naye katika uhai wake hakuwahi kuharakisha jambo. Nikamwambia moyoni: ntate, wewe ulichukua majira mazima ya joto kukata roho, ungetupa dakika mbili za salamu.

Msafara ulipopita tukawasha. Mbinja haikuwepo. Palikuwa na sauti ya kisu juu ya bati, na nyuma yetu moshi wa buluu. Tukatambaa mpaka uani kwangu.

"Hakuna aliyeshuka," nikamwambia Seabata kabla hajafungua mlango. "Hata kuku."

"Hakuna," akakubali. "Lakini liangalie, mama. Gari linalokufa kwa sababu ya adabu ni gari gani? Mtu wa vyuma nimemwambia Jumanne. Neno ni neno."

Rametse alikuwa ameshashuka, kofia imepinda zaidi. "Nani alizima?"

Motlalepula akatazama mawingu. Mimi nikatazama kuku. Seabata akasema, "Mimi."

"Vizuri. Basi vua viatu hivyo vyeupe. Utalifungua wewe."

"Mimi si fundi."

"Najua. Ungekuwa fundi usingelizima."

Pasaka nzima mwanangu aliipitisha uani kwangu, blanketi la baba yake mabegani, mikono myeusi mpaka viwikoni. Rametse alikaa kwenye kigoda na kata ya pombe akimwelekeza kwa matusi. "Si hiyo, ni hiyo. Bolti hufunguliwa, haibembelezwi. Mungu wangu, kwani huko Gauteng mnafungua chupa kwa nini?" Turbo likatoka. Likafunguliwa. Mhimili ulikuwa umevaa ganda jeusi, kama ukoko wa ugali uliosahauliwa motoni.

"Hiyo ni adabu yako," Rametse akamwambia. "Ioshe."

Akaiosha kwa mafuta ya taa na kitambaa, polepole, mpaka chuma kikang'aa. Rametse akatoa mfukoni vipete vya shaba vya kushikilia mhimili, akampa. Halafu niliona jambo. Seabata aliliweka lile gurudumu juu ya kiganja chake, akakaa. Akaligeuza kwa kidole, pezi kwa pezi.

"Hiki ndicho kilichotubeba?" akauliza.

"Hicho," Rametse akajibu, na hakumtukana.

Mwanangu akaangalia huku na huku. Mimi nilijifanya nachambua mboga. Akalirudisha mahali pake, akalileta karibu na mdomo, akapuliza.

Walilifunga Jumapili jioni. Seabata mwenyewe alimimina oili, kijiko kwa kijiko, huku Rametse akimkaririsha sharti la salamu kabla ya kuzima. Alipowasha, mbinja ilirudi, moshi wa buluu ukachoka taratibu, ukaisha. Nilimtazama usoni. Hakukuwa na kitu cha kusoma. Alijifuta mikono tu.

"Na Jumanne?" nikauliza.

"Jumanne ni Jumanne, mama."

Usiku ule sikupata usingizi, na wala sikumwambia Mungu mengi, alijua.

Jumatatu asubuhi Seabata alichukua ufunguo msumarini. "Naenda dukani," akasema. "Kiberiti." Duka letu liko kando ya kanisa, hata mimi na magoti yangu ninaweza kwenda na kurudi kabla uji haujachemka. Aliondoka. Uji ukachemka. Tukaunywa. Nikatoa majani ya zizini, nikagombana na jogoo, nikaanika blanketi. Jua likawa juu ya paa, na Rametse aliyekaa mlangoni akaanza kutabasamu kwa lile pengo lake.

Mwishowe Tlou akaingia uani. Seabata akashuka, akafunga mlango, na gari akaliacha likinguruma taratibu. Akaja mbele yangu, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Habari za tangu asubuhi, m'e wangu?" akasema.

Nikaacha nilichokuwa nacho mkononi. "Nzuri, ntate wangu. Habari za kwako?"

"Mimi ni mzima, nikijua nawe ni mzima. Umeshindaje?"

"Nimeshinda."

"Na kuku? Wameshindaje?"

"Wanataga kwa uvivu."

"Na mvua, mnaionaje?"

"Tunaingoja."

Alitupia Tlou jicho. Akarudi kwangu. "Na dada yako kule Mokhotlong?"

"Anakohoa lakini anatembea."

"Na goti lako, mama? La kushoto?"

"Linauma."

"Na la kulia?"

Mimi ni mwovu, kwa hiyo nilimjibu kwa urefu, mpaka nikamweleza dawa niliyopakwa mwaka ule wa theluji kubwa, naye alisikiliza kila neno kama katekista. Nilipomaliza alirudi garini akazungusha ufunguo. Mbinja ilishuka taratibu, ikalala.

"Na mtu wa vyuma?" nikauliza. "Kesho ndiyo Jumanne."

"Aa, yule." Akajikuna shingo. "Nadhani hataweza, mama. Barabara ya Letsoku asubuhi hii ina barafu kuanzia kona ya tatu. Gari la tambarare haliwezi kupanda. Nitamwambia asijisumbue."

"Umepita Letsoku?"

"Mimi? Hapana. Nilikuwa dukani."

"Kiberiti kiko wapi?"

"Kimekwisha."

Rametse alikuwa ameshaziba uso mzima kwa kofia yake, mabega yakimtikisika.

"Seabata," nikasema. "Kutoka hapa mpaka dukani ni tambarare tupu. Hakuna hata kichuguu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona umenisalimia mpaka goti la kulia?"